Muhiddin na Maneno ya Unyonge

Muhiddin Songoro alikuwa akikaa barazani, upande wa kivuli, hatua chache kutoka ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja, maana waliokuwamo wana watoto na wajukuu na mimi sitaki ugomvi na mtu. Mbele yake palikuwa na meza ya mbao za sanduku la chai, na juu ya meza taipu kuukuu iliyokatika herufi moja. Herufi hiyo akiitia kwa kalamu akishamaliza ukurasa. Alikuwa mfupi, mweusi, nadhifu, kanzu imepigwa pasi, koti la rangi ya majivu juu yake, na kofia ya viua iliyofuliwa mpaka viua havionekani.

Kazi yake ilikuwa kuandika maombi. Mtu akitaka kitu serikalini, au akitaka serikali imwondolee kitu, na Kiingereza hakijui, alikwenda kwa Muhiddin. Babake alitoka bara zamani akabaki Ng'ambo. Mwenyewe alizaliwa hapa hapa, akasoma skuli miaka sita, kisha akaingia kwa wakili mmoja wa Kihindi kunakili makaratasi. Alinakili miaka kumi na saba. Wakili alipokufa, mjane wake alimpa ile taipu, na Muhiddin akaichukua kichwani mpaka barazani, akaketi. Hakuomba kazi kwa mtu mwingine tena.

Mimi wakati ule, nazungumzia mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nne na ule uliofuata, nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Nilikuwa nikichukua ukili Makunduchi, ile mikanda ya ukindu wanayoisuka wanawake, nikiuleta mjini kwa washonaji wa mikeka. Nyumba ya kusema hii yangu sikuwa nayo. Leo nilale msikitini, kesho kwa rafiki. Nikiwa mjini nilipenda kukaa na Muhiddin kwa kuwa pale pake palikuwa na upepo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mazungumzo. Mimi nimesoma Kurani chuoni, na skuli madarasa matatu tu. Yeye akinifundisha Kiingereza kidogo kidogo, lakini Kiingereza chenyewe kilikuwa cha namna moja.

Alikuwa na daftari la jalada jekundu. Humo aliandika maneno ya Kiingereza ya unyonge, moja moja, kwa mwandiko wa kulala.

"Mwingereza," aliniambia, "unyonge ameupanga mafungu kama muuza samaki. Sisi tunasema mnyonge, imekwisha. Yeye ana la huyu na ana la yule."

Kisha akinisomea. "Helpless", huyo ni mtu aliyetumbukia kisimani, anapiga kelele, na wenye kamba wamekwenda mazikoni. "Defenceless", huyo mlango wake hauna komeo, wala nyuma ya mlango hapana gongo. "Unguarded", ni mnazi uliokomaa nazi na mlinzi yuko harusini. "Exposed" alilipenda sana. Hilo, alisema, ni karafuu zilizoanikwa juu ya jamvi, wingu limetanda, na hapana wa kuzianua. Na mwisho kabisa, katika ukurasa wake peke yake, alikuwa na "vulnerable", aliloliokota katika hukumu moja alipokuwa kwa wakili.

"Na hili?" nilimuuliza.

"Hili ni mtu ambaye popote utakapomgusa pana kidonda. Au kidonda hakijawa bado, lakini kitakuwa. Ngozi yake haijui kukataa."

"Kwa Kiswahili hatuna?"

"Tunaye kila mtaa, Bakar. Jina tu ndilo hatujampa."

Kanuni yake katika kazi ilikuwa kwamba mwenye kuomba lazima aonekane amelala chini. Bwana mkubwa akimwona amelala, atainama amwinue. Akimwona amesimama atauliza, huyu mzima hivi anataka nini zaidi? Na mimi siwezi kusema uongo, kanuni ile ilikuwa ikifaa. Palikuwa na hamali mmoja, Abdulla, aliyenyang'anywa ruhusa ya kuvuta gari la mkono kwa kujibizana na askari pale Forodhani. Muhiddin alimwandika mtu wa kifua kibovu, mwenye watoto saba na mama kipofu. Kifua cha Abdulla kilikuwa kama mlango wa Ngome, watoto wake wawili, na mamaake alikuwa akitia uzi katika sindano bila ya miwani. Ruhusa ilirudi siku ya nane. Abdulla akaja na halua.

"Mzee Muhiddin, mama kanituma nikuulize, huo upofu kaanza lini?"

"Mwambie tangu Jumatatu. Na akishakula hiyo halua ataona."

Tulicheka siku ile mpaka tarishi wa ofisini akatoka kutazama kuna nini. Nasema tulicheka kwa kuwa ni kweli tulicheka. Hapana hata mmoja wetu aliyeona kitu kibaya.

Miongoni mwa washonaji waliochukua ukili kwangu alikuwa Bi Wanu wa Kikwajuni. Mumewe Simai, mtu wa Makunduchi, kuli wa bandarini, alikufa kwa homa ya siku tano. Alimwachia nyumba ya udongo na makuti ya vyumba viwili, na mtoto mmoja wa kike, Mwanamkasi, wa miaka tisa. Bi Wanu akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Lakini mikono yake haikukaa eda. Nilikuwa nikifika naweka ukili kizingitini, shangazi yake, Bi Mwanakheri, ambaye alihamia kwake tangu msiba, akiuvuta ndani. Na mkeka uliokwisha ukitoka kwa njia ile ile. Nikisimama kidogo nilisikia shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, ikipita katika ukili, na sauti ya Mwanamkasi anasoma juzuu. Nyumba ile haikulala na njaa hata siku moja. Naliandika hili mapema kwa sababu baadaye liliandikwa vingine.

Siku ya arobaini ya marehemu, kaka yake Simai, jina lake Nahodha, alikuja kutoka Makunduchi. Baada ya hitma akasema mbele ya watu kwamba eda ikisha atamchukua mtoto akalelewe kwao, kwa kuwa mkewe hajajaaliwa kuzaa, na mtoto ni damu yao. Alisema kwa upole, akanawa mikono, akaenda zake. Mimi Nahodha nilimjua. Alikuwa mtu wa kusema neno halafu likakaa miaka. Alisema atachimba kisima nami bado kijana, na kisima hakuna mpaka leo. Lakini Bi Wanu hakumjua hivyo. Yeye aliyasikia maneno yale nyuma ya pazia, akayachukua kama yalivyo.

Wiki ile nilipopeleka ukili, sauti ikatoka ndani.

"Kaka Bakar."

"Naam, Bi Wanu."

"Wewe unatembea na watu. Yuko anayejua kuandika serikalini?"

Nikasema yuko. Neno hilo moja ningeweza kulimeza.

Tulikwenda saa nne ya asubuhi, Muhiddin mbele, mimi nyuma na taipu begani, imefunikwa kanga isiingie vumbi. Bi Mwanakheri alikuwa amekaa kizingitini juu ya kibao cha mbuzi, nusu ndani na nusu nje.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, karani. Mwisho wenu hapo hapo barazani. Na hicho nini mmekivika kanga?"

"Taipu, Bi Mwanakheri."

"Lo! Nikadhani na yenyewe ina eda."

Muhiddin akaiweka taipu juu ya pipa, akatia karatasi tatu na za kunakilia katikati, akanyoosha vidole. Bi Wanu akaanza kusema kutoka nyuma ya pazia, polepole, kama mtu aliyekwisha kuyapanga usiku kucha.

"Bwana karani, nnataka uandike hivi. Mimi Wanu binti Mjaka. Nna eda ya mume wangu. Nna kazi ya mikono yangu, nashona mikeka, na watu wote wa hapa wananijua. Nna ndugu zangu wawili Pemba, wazima. Mwanangu yuko na mimi, anakula na anasoma. Nnaomba asije mtu kumchukua na mimi nimo ndani, siwezi kutoka kumfuata. Basi."

Barua nimeona nyingi tangu hapo, na iliyo nzuri kuliko ile sijasikia. Ilikuwa imekwisha. Muhiddin alichotakiwa ni kuigeuza Kiingereza tu.

Lakini yeye alianza kupiga, na akapiga, na akapiga. Bi Wanu alikuwa amenyamaza zamani, na taipu inakwenda.

"Karani," akasema Bi Mwanakheri, "mwenye maneno kaishanyamaza. Wewe unatwanga nini?"

"Kiingereza kina mzunguko, Bi Mkubwa."

"Kina mzunguko kama njia ya mwizi."

Bi Wanu akauliza kutoka ndani, "Umeandika kama nafanya kazi?"

Muhiddin akaacha kupiga. "Hilo nimeliweka kando, dada yangu. Mtu mwenye kazi hahurumiwi."

"Sitaki kuhurumiwa. Nnataka niachwe."

"Njia ni moja. Wakishakuhurumia watakuacha."

"Na kaka zangu?"

"Wataniuliza, hao kaka kwa nini hawakuja? Niachie mimi, Bi Wanu. Kazi hii naijua."

Alikuwa mwanamke asiyejua kusoma herufi za kizungu, na yuko nyuma ya pazia, na mbele ya pazia pamekaa mwanamume mwenye koti na taipu anayesema kazi hii naijua. Akasema, "Haya."

Muhiddin akampa Bi Mwanakheri kibati cha wino na karatasi. Vikapita chini ya pazia. Mkono sikuuona, nilisikia tu Bi Mwanakheri akisema, "Kandamiza, usiogope, unatoka kwa ndimu." Karatasi ikarudi na alama ya dole gumba, nyeusi, nzuri, mistari yote inaonekana. Na juu ya alama ile Muhiddin alikuwa amekwisha piga, kama alivyokuwa akipiga katika kila ombi, kwamba haya yamesomwa kwa mwenyewe naye ameyafahamu. Yalikuwa hayajasomwa. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kiasi cha kuuelewa mstari ule, nikauona, nikanyamaza. Ilikuwa ndiyo desturi ya kazi.

Tuliporudi mjini alinisomea njiani, anasimama kila pembe ya nyumba. Alikuwa na furaha ya fundi.

"Yote matano, Bakar! Sijapata kuyatia yote matano katika karatasi moja."

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Tarishi alilipeleka Kikwajuni kwa baiskeli, na Bi Mwanakheri akatuma tuitwe. Muhiddin alifungua bahasha pale pale barazani. Alisoma mara ya kwanza kwa haraka. Alisoma mara ya pili, na nikaona jasho linamtoka chini ya kofia.

"Vipi, karani?" akauliza Bi Mwanakheri. "Wamekukata ulimi?"

"Wanasema…" Akasafisha koo. "Wanasema ofisi imesikitika kwa hali ya mwombaji."

"Soma," ikasema sauti ndani. "Usinambie wanasema. Soma."

Akasoma. Kwa kuwa mwombaji mwenyewe amekiri hana msaada, hana kinga, hana riziki wala jamaa wa kumtazama, na yuko wazi kwa kila mwenye nia mbaya, ofisi haiwezi kumwacha mtoto mdogo wa kike katika hatari hiyo. Ami yake ametafutwa huko shamba, naye amekubali kumpokea. Mtoto atakabidhiwa kwake mpaka hapo mama atakapopata mlinzi wa kutegemewa.

Ilikuwa barua ya huruma. Hilo ndilo ninalotaka lifahamike. Yule aliyeiandika hakuwa na chuki na mtu. Alisoma kwamba yuko mwanamke anazama, akamtoa mtoto majini.

"Nani kakiri hayo?" akauliza Bi Wanu.

Muhiddin akaikunja ile barua.

"Nakala unayo? Ile yetu. Isome."

"Dada yangu—"

"Isome kwa Kiswahili, nisikie nilichotia kidole."

Nakala alikuwa nayo mfukoni. Akaisoma, neno kwa neno, na maneno yale ambayo barazani kwake yalikuwa na mifano mizuri, ya kisima na ya karafuu, pale yalitoka makavu. Mwombaji ni mjane asiye na wa kumwita. Mlango wake hauna wa kuulinda. Hana kazi. Hana ndugu. Mtoto wake analala na njaa. Yeye na mwanawe ni wa kujeruhiwa na yeyote apitaye. Majirani wawili waliokuwa wakipita na ndoo walisimama. Mmoja akasema, "Masikini, nani huyo?" Hakuna aliyemwambia.

Alipofika mwisho, Bi Mwanakheri, ambaye hakukosa neno maisha yake yote, alikuwa anatazama sakafu.

"Analala na njaa," akasema Bi Wanu. "Mwanangu." Akarudia mara mbili. Kisha akasema, "Nendeni. Mkaseme si hivyo."

Siku ile ile Muhiddin aliandika barua ya pili. Ilikuwa fupi, mistari sita, yale yale aliyoyasema mwenyewe mara ya kwanza. Akaisoma yote kwa Kiswahili kizingitini kabla ya kupokea alama ya kidole, na mimi nikaenda naye ofisini kuipeleka. Aliyetupokea alikuwa karani kijana, Shamsi, mtoto wa watu, mwenye adabu. Alimwamkia Muhiddin shikamoo, akamkaribisha kiti. Kisha akatoa faili, akaziweka zile karatasi mbili sambamba juu ya meza.

"Mzee wangu, mwezi uliopita huyu bibi hana mkono wala mguu. Leo anashona mikeka na ana kaka wawili. Ipi ya kweli?"

"Hii ya leo."

"Basi ile ni uongo. Na kidole chake."

"Uongo ni wangu, mwanangu. Yeye hakuyajua yaliyomo."

Shamsi akaweka ncha ya kalamu juu ya mstari mmoja. "Hapa pameandikwa kasomewa akafahamu. Na aliyeandika ni wewe. Nikimpelekea bwana hii ya pili, atasema mama anaficha hali yake kwa kuogopa kunyang'anywa mtoto. Watu hufanya hivyo. Ama atasema kaidanganya serikali, na hiyo ni kesi. Unataka nimpelekee ipi?"

Muhiddin akaisukuma mbele ile ya pili. Maisha yake yote aliwalaza watu chini katika karatasi na hakupata kutakiwa awasimamishe.

"Mpelekee," akasema mwisho. "Na useme mimi ndiye."

Ilipelekwa. Haikupata kujibiwa.

Nahodha alikuja Alkhamisi ya wiki iliyofuata. Nilikuwapo, na ukili wangu. Alisimama nje karibu na pipa la maji, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba.

"Shemeji," alisema kuelekea pazia, "karatasi mimi sikuiomba. Wameniita wakaniuliza, mtoto wa nduguyo ana shida, unampokea? Ningesema nini? Nimkatae mtoto wa Simai?"

"Ungesema hana shida."

"Wamenisomea maneno yako mwenyewe."

"Wewe mwenyewe ulisema hapa utamchukua."

"Nilisema." Akaigeuza kofia. "Nilitaka, siwezi kukuficha. Lakini haki ya Mungu, shemeji, nisingekuja. Nani angenilipia nauli mpaka huku kwa neno la hitmani?"

Bi Mwanakheri akalia. Ndani hapakulia mtu. Nilisikia kitana kinapita katika nywele, taratibu, muda mrefu kuliko inavyohitaji kichwa cha mtoto. Kisha Mwanamkasi akatoka, amevaa gauni la sikukuu, na juzuu yake ndani ya mfuko wa kitambaa. Akageuka kutazama pazia. Pazia halikufunguka. Nje palikuwa na wanaume wawili, mimi mmojawao, na zilikuwa zimebaki siku hamsini na mbili za eda.

Wakaenda Darajani kupanda gari la shamba.

Kaka mmoja wa Bi Wanu alikuja kutoka Pemba baada ya barua kumfikia, mtoto kashakwenda. Ofisini wakamwambia yeye anakaa Pemba, ulinzi gani huo wa kuvuka bahari? Akamwambia dadake afungashe waondoke wote. Bi Wanu akakataa. Pemba ilikuwa mbali zaidi na Makunduchi. Alipotoka eda alikwenda mwenyewe kokote alikoambiwa aende, amejifunika buibui, na shangazi yake pembeni. Kila mlango aliogonga, karatasi ilikuwa imefika kabla yake. Wakimwuliza kwa upole, bibi, umeshapata mlinzi?

Hapo ndipo Muhiddin alipofanya jambo ambalo watu walilisema sana. Mkewe alikuwa amekufa miaka mingi. Alinituma kwanza, nikakataa kutumwa, akaenda mwenyewe. Alisimama barazani, koti limefungwa vifungo vyote.

"Bi Wanu, wanataka mlinzi. Mimi ni mwanamume, nna chumba, nna kazi. Tukifunga ndoa, nitaandika siku ile ile, na mtoto atarudi. Sitaki lolote kwako. Hata ukitaka nikuache mwezi wa pili, nitakuacha."

Eda ilikuwa imekwisha, angeweza kutoka akamtazama. Hakutoka. Alisema kutoka ndani:

"Umenivua mbele ya serikali nzima, Bwana Muhiddin. Sasa umekuja na nguo mkononi?"

Akajibu, "Ndiyo."

"Nenda nayo."

Alikwenda. Mimi nilidhani amekosea kumkataa, na mara nyingine bado nadhani hivyo. Lakini mtu aliyechoka kuandikwa na mwingine simlaumu.

Mwezi wa Rajabu Bi Wanu alimwachia Bi Mwanakheri nyumba, akafunga shazia zake na nguo mbili katika kikapu, akaniambia nimsindikize. Alikuwa amepata shauri lake. Kama mtoto hawezi kuja kwake, yeye atakwenda kwa mtoto. Njiani hakusema kitu mpaka tulipopita Tunguu. Akaniuliza kama mke wa Nahodha ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ni mwema, ana sauti kubwa. Akasema, "Sauti si neno."

Nahodha alimpokea vizuri, wala sitasema vingine. Alimpa kibanda cha nyuma kilichokuwa cha kuwekea viroba. Lakini uani kwa mtu ni uani kwa mtu. Mwanamkasi alikuwa ameshazoea kumwita mke wa ami yake Mama Mkubwa, na analala nyumba kubwa, na hakuna aliyesema abadilishe. Wageni wakiuliza yule nani, mke wa Nahodha alikuwa akijibu kwa sauti yake, bila ya ubaya, "Mjane wa shemeji yangu, tunamtazama, hana mtu." Mikeka ya kushona hakuipata tena. Huko kila nyumba wanasuka wenyewe, na mjini hakuwapo tena. Alikuwa akitwanga, akichota maji, akipokea chakula kinapopakuliwa. Nikipita na safari zangu nikimkuta anazidi kupungua sauti. Katika mwaka mmoja yale aliyoandikiwa yakawa kweli, moja baada ya jingine, na hakuna aliyemfanyia jeuri.

Muhiddin aliendelea kukaa barazani, lakini mkono ulikuwa umepata baridi. Mtu akija, akimwandikia yale tu aliyoyasema, kisha anamsomea yote, mara mbili, mpaka mtu anachoka. Wateja wakamkimbia. Walikuwa wakisema Mzee Muhiddin siku hizi haombi, anatoa habari tu. Abdulla hamali alikuja kutaka barua ya mpwa wake, akamwambia, "Mtie upofu kidogo, mzee." Muhiddin akamtazama kama hakumfahamu lugha. Abdulla akaenda kwa mwandishi mwingine, mtaa wa pili. Daftari jekundu sikuliona tena, na sikuuliza. Katika mwaka wa hamsini na saba, wakati mji mzima una kelele za uchaguzi na kila baraza lina chama chake, lake yeye lilikuwa na mtu mmoja, naye ni mimi, siku nikiwapo. Alikufa mwaka uliofuata, mchana, amelala ubavu, kama mtu aliyepumzika baada ya adhuhuri. Tulimzika watu wachache.

Nilipokwenda Makunduchi safari iliyofuata nilimpelekea Bi Wanu habari. Alikuwa amekaa mlangoni kwa kibanda, anachambua mchele katika ungo. Mwanamkasi, kimo chake kimeshakuwa cha mwanamke, alipita na mtungi, akaniamkia, akaingia nyumba kubwa.

"Innalillahi," akasema Bi Wanu. Mikono ikasimama juu ya mchele. "Alikuwa na nani?"

"Na mimi."

"Alisema kitu?"

"Hakusema."

Akatoa jiwe dogo katika mchele akalitupa. "Mungu amsamehe. Mimi nimeshajaribu, siku nyingine naweza, siku nyingine siwezi."

Nikamwambia Jumapili tunamfanyia hitma Kikwajuni, katika nyumba yake mwenyewe Bi Wanu, na Bi Mwanakheri ndiye anayepika. Na kwamba Bi Mwanakheri ni mgonjwa wa miguu na anamuulizia kila siku. Nikamuuliza kama atakuja. Gari la asubuhi lilikuwapo, na angerudi jioni.

Akainua uso. Kwa kitambo kidogo nilimwona yule wa nyuma ya pazia, ambaye sikupata kumwona. Akafuta mikono kwa upindo wa kanga, akatazama upande wa nyumba kubwa, kulikokuwa kukisikika mchi.

"Ngoja nikaulize," akasema.

Akaenda. Mchi ukanyamaza, nikasikia sauti kubwa ya mke wa Nahodha ikisema maneno mengi, ya upole, ya jua na njia na nani atabaki na nani. Kisha mchi ukaanza tena. Bi Wanu akarudi, akakaa pale pale, akauvuta ungo.

"Wamesema siku nyingine," akaniambia.